Asubuhi Tuliyofungiwa Bafuni, Mimi na Mavyaa

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa na desturi ya kugombana nami kila asubuhi kabla hajanywa chai, na asubuhi ile nilimwacha ashinde. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mapema ili nisije nikalificha mbele ya safari.

Utaratibu wetu ulipangwa na daktari. Nimpime sukari, nimchome sindano yake, kisha ale papo hapo. Chai ya maziwa, hamri moja, mbaazi kidogo. Akishakula ndipo nimpeleke kuoga. Siku hiyo sindano ilikuwa tayari imeshaingia aliposema hali chochote mpaka aoge, maana usiku kucha alitoka jasho na hawezi kukaa mezani akinuka.

"Mama, kula kwanza. Maji hayakimbii."

"Na mahamri nayo yana miguu?"

Nilikuwa nimechoka. Nikaifunika sahani kwa kawa, nikaiweka chupa ya chai kando yake, nikamshika mkono tukaenda bafuni.

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu nianze kukaa naye. Tulimchukua alipokatwa kidole cha mguu kwa ajili ya sukari, na macho yake yalipoanza kufifia. Mume wangu alisema itakuwa kwa muda tu. Yeye kazi yake ni ya malori, kule Mariakani, na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Wifi yangu, dada yake mume, ameolewa Mambrui na ana watoto watano. Nikabaki mimi. Nilikuwa mwalimu wa chekechea Muyeye; nikaomba likizo ya mwezi mmoja, na mwezi ule haukuisha mpaka mwalimu mwengine akaajiriwa mahali pangu. Siku zangu zikawa ni nyumba ile ya mawe nyuma ya msikiti, vyumba vitatu, ua mdogo, na mavyaa. Nilikuwa nikienda sokoni mbio na kurudi mbio. Arusi nilizihudhuria kwa picha za simu.

Sikumchukia. Nataka hilo lieleweke. Lakini kuna siku nilikuwa nikisimama jikoni nikiuangalia mlango wa mbele kama mtu anavyoangalia chakula wakati wa funga.

Mlango huo wa mbele niliutia komeo kwa ndani, kama nilivyofanya kila wakati wa kuoga, kwa sababu mwizi aliwahi kuingia akachukua mtungi wa gesi huku sisi tukiwa bafuni. Na mlango wa bafu niliufunga kwa sababu mavyaa hakubali kuoga mlango ukiwa wazi, hata kama nyumbani hamna kiumbe. Niliwahi kumwambia kwamba malaika wanamwona hata hivyo. Akanijibu, "Malaika hawana mdomo wa kunisengenya."

Alioga vizuri. Nilimsugua mgongo, nikamkausha vidole vya mguu kimoja kimoja kama nilivyofundishwa hospitali, nikamfunga leso. Yeye amekaa juu ya kibao chake cha kuogea, ametulia, ananukia sabuni. Nikashika mkono wa mlango ili tutoke.

Ukang'oka.

Ulikuwa ukilegea kwa miezi. Hewa ya chumvi huku kwetu haiachi chuma, na nilishamwambia mume wangu mara tatu aurekebishe. Sasa ulikuwa kiganjani mwangu, na kipande cha chuma kilichokuwa kikiuzungusha kimekatikia ndani ya kitasa. Nikautia tena tunduni, nikauzungusha. Ukazunguka bure. Nikavuta mlango kwa kucha. Nikaupiga bega. Mlango wenyewe ni wa mbao nzito za zamani, na unafungukia ndani, kwa hivyo kuupiga bega ni kuzidi kuukaza. Hilo nilikuja kulifikiri baadaye. Wakati ule nilipiga tu, nikapiga na ngumi, nikaita majina ya majirani wote.

Jirani wa kulia alikuwa amekwenda matangani tangu jana yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsaidia kufunga begi. Nyumba ya kushoto ni ya watu wa ng'ambo, huja mwisho wa mwaka.

"Kuna nini?" akauliza mavyaa.

"Mlango umeharibika, mama."

"Basi fungua."

"Haufunguki."

Akasema, "Sasa kelele zote hizo unampigia nani?"

Hapo ndipo simu ilipoanza kulia mezani. Ilikuwa ni saa mbili. Mume wangu hupiga saa mbili kabla hajaanza kazi. Niliisikia ikilia mpaka mwisho, ikanyamaza, ikalia tena. Kutoka bafuni mpaka meza ile hakuzidi hatua kumi. Ilipokoma mara ya pili nilikaa chini nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, na sikulilia mlango peke yake. Nilisema maneno. Nilisema kwamba nimechoka, kwamba sikuolewa ili nizikwe, kwamba hata wafungwa huambiwa siku yao ya kutoka. Niliyasema mbele yake, na masikio yake hayana ugonjwa wowote.

Nilipoinua uso niliona alikuwa ameelekeza macho yake yale ya ukungu upande wangu.

"Umemaliza?" akasema.

Nikajipangusa uso kwa leso yangu.

"Unadhani umefungiwa peke yako?" akasema. "Mimi nilikuwa nikishona nguo za mji mzima. Leo naoshwa mgongo na mtoto wa watu, nasubiri anipeleke nikale. Umechoka nami. Hata mimi nimechoka nami."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kabla sijafungua mdomo niliona juu ya mdomo wake pameanza kutoka matone ya jasho, na bafu lile lilikuwa baridi.

Sindano. Nilikuwa nimesahau sindano.

Mtu akichomwa dawa ile asipokula, sukari hushuka. Nilishawahi kuiona ikimshuka mara moja, hospitali, na nilikumbuka jinsi daktari alivyokimbia. Nikahisi kuta za bafu zinakuja. Ningeweza kuinuka nikaanza tena kuupiga mlango. Nilikuwa karibu kufanya hivyo.

Kule chekechea nilikuwa na watoto arubaini. Mmoja akianza kulia, hulia wote. Mwalimu mpya husimama akapiga kelele wanyamaze, na kelele zake zinakuwa juu ya zao. Mwalimu mkuu, mwanamke mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa akinivuta sketi: "Kaa chini. Ukikaa wewe, watakaa." Nilikuwa tayari nimekaa chini. Basi nikabaki pale pale sakafuni, nikaegemeza mgongo kwenye birika la maji lililojengwa pembeni, nikavuta pumzi, nikaanza kujiuliza kwa sauti ya chini, kimoja baada ya kimoja, tuna nini humu ndani.

Tuna maji. Tuna ndoo, kopo, sabuni, dodoki, kibao, leso mbili, taulo. Tuna mkono wa mlango uliovunjika. Tuna dirisha.

"Unaongea na nani?" akasema mavyaa.

"Nahesabu vitu, mama."

"Hesabu na bawaba."

Nikageuka kuutazama mlango. Bawaba zake ni zile ndefu za kizamani, zimepigwa juu ya ubao kwa skurubu zinazoonekana, na ziko upande wetu. Miaka mitatu nimeingia bafu lile na sijawahi kuziona. Nikachukua ule mkono wa mlango, nikajaribu kuingiza ncha yake kwenye mfuo wa skurubu ya kwanza. Mfuo ulikuwa umejaa rangi. Nikaikwangua rangi kwa ukucha mpaka ukucha ukakatika, nikajaribu tena, chuma kikateleza kikanichana kiganja. Kilikuwa kinene mno. Zilikuwa skurubu nane na hata moja haikutikisika.

Nilimtazama mavyaa. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka juu ya mapaja.

"Mama, unajisikiaje?"

"Viatu vyangu viko wapi?" akasema. "Watu wa arusi wameshafika."

Nikamshusha kutoka kwenye kibao, nikamkalisha sakafuni juu ya taulo, mgongo ukutani, ili akianguka asianguke kutoka juu. Nikamnywesha maji, nikijua maji hayasaidii. Nikaurudia mlango kwa muda mfupi kisha nikajizuia. Mlango nimeshaujaribu, nikajiambia. Sasa fikiria watu. Ni nani hupita hapa siku ya Jumanne asubuhi?

Jibu lilikuwapo. Mama wa mboga. Ni mama wa Kigiriama, hutoka kwao bara na karai lake kichwani, na karibu saa tatu kila siku hupiga hodi mlangoni kwetu. Tatizo ni kwamba yeye hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hujiendea. Na mlango wa mbele uko upande mmoja wa nyumba, bafu upande mwengine, linaloangalia kichochoro.

Nikapanda juu ya ndoo niliyoipindua. Dirisha lenyewe ni dogo, la vipande vya kioo vilivyolazwa kimoja juu ya chengine. Nikavichomoa viwili, taratibu, nikaipisha hewa. Nyuma ya vioo palikuwa na waya wa mbu. Niliusukuma kwa mkono wa mlango, ukapasuka kama karatasi. Zikabaki nondo tu, ambazo mkono hupita lakini kichwa hakipiti. Nikaichukua leso yangu nyekundu, nikaitoa nje ikaninginia kichochoroni, na ncha moja nikaifunga kwenye nondo.

Kisha nikafanya jambo lililokuwa gumu kuliko yote: nikanyamaza. Sauti yangu ilikuwa imeshaanza kukauka kwa makelele ya mwanzo, na nilijua nikiendelea kuita kichochoro kitupu, atakapokuja mtu wa kunisikia sitakuwa nayo. Nikashuka, nikakaa sakafuni karibu na mavyaa, nikakiweka kichwa chake begani kwangu, nikamsemesha ili asilale. Nilimuuliza nguo ya kwanza aliyoshona. Akasema ni ya mamake. Nikamuuliza rangi. Akasema, "Samawati," kisha akasema mambo ambayo sikuyaelewa. Ngozi yake ilikuwa baridi na imelowa. Kila mara nilipotaka kuinuka nipige mlango, nilimuuliza swali jengine.

Sijui ilikuwa muda gani. Mimi niliuona kama mwezi wote wa funga. Mwishowe nikasikia, mbali, upande wa mbele:

"Hodi hapa! Mboga, mama!"

Nilikuwa juu ya ndoo kabla hajamaliza. Nikaweka mdomo kwenye nondo nikaita kwa pumzi yangu yote, neno moja tu: "Kichochoroni!"

Kimya.

"Hodi!"

"Kichochoroni! Pita nyuma! Kichochoroni!"

Nikasikia karai likitua chini. Kisha hatua za ndara, kwanza polepole, halafu mbio. Akatokea akiwa ameshika kifua, akaiona leso, akainua uso.

"Aee! Mwanangu, una nini?"

"Tumefungiwa. Mavyaa amechomwa sindano ya sukari na hajala. Nataka sukari. Kimbia dukani uniletee sukari, sasa hivi."

"Nivunje mlango?"

"Hutauvunja, una komeo. Sukari kwanza."

Namshukuru Mungu kwamba hakuniuliza swali la pili. Alikimbia mama yule, mtu mzima kunishinda, na aliporudi alikuwa na sukari iliyofungwa kwenye karatasi la gazeti. Dirisha lilikuwa juu kuliko mkono wake. Nikamwambia aitie kwenye pindo la leso. Akaifunga vizuri, mafundo mawili, kama tunavyofunga hela zetu, nami nikaivuta polepole nikiogopa karatasi isipasuke.

Nikaikoroga kwenye kopo la maji kwa kidole changu chenye damu. Mavyaa alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo wazi kidogo. Nikamwita. Akafumbua macho lakini hakuniona. Nilijua nikimmiminia huenda akapaliwa, kwa hivyo nikampaka kwanza kwenye ufizi, ndani ya shavu, kidogo kidogo, mpaka akaanza kuulamba mdomo wake. Ndipo nikamwekea kopo. Akapiga funda. Akapumzika. Akapiga jengine. Kule nje mama wa mboga alikuwa akiuliza, "Anakunywa? Anakunywa?"

Baada ya muda, mavyaa alilisukuma kopo.

"Tamu mno," akasema. "Unataka kuniua?"

Nikacheka nikalia pamoja.

Mama wa mboga alitaka kuita vijana wavunje mlango wa mbele. Nikafikiri: mlango ule ukivunjwa, leo usiku tutalala wazi, na mume wangu yuko Mariakani. Nikamwomba jambo jengine. Pale njiani kuna fundi wa baiskeli. Akamwombe bisibisi, ya mdomo mwembamba.

"Mino siendi mbali," akasema, na "mino" kwao ndiyo "mimi". "Ukiita nitasikia."

Bisibisi nayo ikapanda kwa leso. Nilianza na bawaba ya chini ili mlango usije ukaniangukia. Skurubu ya kwanza ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Niliipaka sabuni, nikaigonga kwa kibao, nikaipumzisha, nikairudia. Mavyaa, ambaye rangi ya uso ilikuwa imeanza kumrudia, alikuwa akinielekeza kutoka sakafuni ingawa haoni.

"Usiizungushe kwa hasira. Kitambaa kigumu hukikati kwa hasira."

"Hii si kitambaa, mama."

"Ni mkono ule ule."

Skurubu ya nane ilipotoka, mlango ulilegea kwa juu ukaniinamia, nikaupokea kwa kifua nikauburuta kando. Nikauona ukumbi, meza, kawa. Nikaenda moja kwa moja nikatoa komeo la mbele, na mama wa mboga akaingia bila hodi. Tulimbeba mavyaa sote wawili mpaka kwenye kiti. Nikampima. Nikamlisha mahamri kwa mkono wangu, na mbaazi zilizopoa, na hakugombana. Mama wa mboga naye nilimwandalia chai, aliinywa akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, mboga zake zikinyauka pale barazani, na kila nilipomshukuru alisema, "Hata wewe ungenifanyia."

Alipokwisha kuondoka nilikaa ukumbini, mlango wa mbele uko wazi kabisa, jua linaingia, na nilishangaa kuona kwamba sikujihisi nimetoka. Nilikuwa nimetoka bafuni tu.

Nikampigia mume wangu. Akasema alidhani nimelala. Nilipomweleza alishtuka, akamshukuru Mungu, akasema, "Subira, mke wangu. Mimi nitakuja Ijumaa nitengeneze mlango."

Siku zote neno hilo la subira lilikuwa likinifunga mdomo. Siku ile niliketi vizuri nikamwambia, kwa sauti ile ile niliyoitumia kuhesabu ndoo na kopo, kwamba mlango si shida kubwa. Shida ni kwamba nyumba nzima imemtegemea mtu mmoja aliyechoka, na mtu aliyechoka husahau sindano. Nikamwambia nataka siku mbili kwa wiki mtu mwengine akae na mamake. Sikupaza sauti. Aliposema atafikiri, nikamwambia afikiri mpaka Ijumaa.

Haikwenda kirahisi. Wifi alipoambiwa alinipigia kwa uchungu. Alisema ana watoto watano na kwamba nimemchoka mamake. Kabla hajamaliza, mavyaa aliunyoosha mkono akataka simu.

"Ni kweli amenichoka," akamwambia bintiye. "Na wewe njoo unichoke kidogo."

Sasa wifi huja Jumatatu na Jumatano kwa gari la asubuhi, na mtoto wake mdogo mgongoni. Mimi siku hizo nakwenda Muyeye. Nafasi yangu ya zamani haipo, nasaidia tu watoto wanaochelewa kujua herufi, lakini nakwenda. Siku tano zilizobaki ni zangu na mavyaa, na zipo ambazo bado nauangalia mlango wa mbele vile vile. Macho yake yamezidi kufifia. Tunagombana. Ila sindano haiingii kabla sijaiona sahani imefunuliwa na kijiko kiko mkononi mwake, aseme atakavyosema.

Jumatatu iliyopita, nikiwa kazini, wifi alinipigia akilia. Mamake amekataa kula, amefunga mdomo, na yeye hajui la kufanya. Ampeleke hospitali, au aite watu? Nilimuuliza kama sindano ameshamchoma. Akasema bado. Nikamwambia, basi keti kwanza, kisha umuulize anataka nini.

Nilimsikia akimuuliza. Na nyuma yake nikaisikia sauti ya mavyaa, kavu, nzima, ikisikika mpaka kwenye darasa: "Mwambie nataka samaki wa kupaka, na asinitilie chumvi kama wewe."

Wifi akarudi kwenye simu. Kilio kilikuwa kimekwisha. Akaniuliza, nikipika samaki wa kupaka, tui la nazi nalitia lini.